Sukari isiyotulia: Kijana mwenye kisukari katika bonde la Kilombero

Anayetoka Mikumi kwenda Ifakara huiona miwa kabla hajaliona bonde. Akishapita Kidodi, mashamba ya miwa yanashika pande zote za barabara, malori ya kubeba miwa yanapishana, na kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza miaka ya 1960, kinaonekana kwa mbali. Akivuka Mto Ruaha Mkuu anaingia Kidatu. Kuanzia hapo milima ya Udzungwa inakaa mkono wa kulia kama ukuta wa kijani, na mkono wa kushoto ardhi inatandaza kuelekea Mto Kilombero.

Barabara inapita Sanje, Mkula na Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyotangazwa mwaka 1992. Baada ya Mwaya inafika Kisawasawa, kabla ya Kiberege na mji wa Ifakara. Kadiri msafiri anavyoshuka kusini, miwa inapungua na mpunga unachukua nafasi yake. Vijito vinateremka kutoka mlimani, vinakatiza chini ya barabara na kwenda kulisha majaruba. Baiskeli ni nyingi, nyingine zina gunia la mpunga nyuma, nyingine mtoto wa shule.

Katika Kiswahili cha kila siku, kufanya jambo kisawasawa ni kulifanya vizuri, bila kasoro. Ndivyo wazazi wengi wanavyotaka mtoto wao mwenye kisukari aishi: achome insulini kwa saa, ale kwa kipimo, na namba kwenye kipimo itulie. Kisha siku moja, pamoja na kufuata kila kitu, namba inasoma 17. Kesho yake, kwa dozi ileile na chakula kilekile, inasoma 3. Mzazi anauliza, "Umekula nini huko?" Kijana anajibu, "Sijala kitu." Nyumba inaingia ugomvi.

Ugomvi huo mara nyingi hauna mwenye hatia. Mtu akiutembelea ukanda huu wa Kisawasawa kwa macho ya kijana mwenye kisukari, ataona sababu za sukari kupanda na kushuka zikiwa zimetawanyika kila mahali: shambani, jikoni, juani, kwenye homa na kwenye safari ya kwenda kliniki.

Kwa nini aina ya kwanza haitulii

Kisukari kinachowapata zaidi watoto na vijana huitwa aina ya kwanza. Hakiletwi na kula sukari nyingi wala uzembe wa mzazi. Kinga ya mwili huzigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziharibu. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na mwili hufa njaa ilhali chakula kimo ndani yake.

Kabla ya mwaka 1922 kuwa na ugonjwa huu ilikuwa ni kusubiri kifo. Januari mwaka huo, Toronto nchini Canada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo mtu anaweza kuishi na kisukari hadi uzee, ilimradi insulini isikosekane.

Mwenye afya ana kongosho linalopima sukari kila dakika na kutoa insulini kidogo kidogo. Kijana mwenye aina ya kwanza anafanya kazi hiyo kwa akili yake, akiwa na sindano mbili au zaidi kwa siku. Anachoma asubuhi kwa kubahatisha siku itakavyokuwa. Insulini ikishaingia mwilini haiwezi kurudishwa kwenye chupa. Mipango ya siku ikibadilika, yenyewe inaendelea na kazi yake.

Kwa waliopewa insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, kuna jambo la ziada. Dawa hiyo hutuama. Chupa isipoviringishwa taratibu katikati ya viganja kabla ya kuvuta, mara kumi au zaidi mpaka rangi iwe moja, leo kijana atavuta maji mengi na kesho atavuta dawa nzito. Dozi ni ileile kwenye bomba la sindano, lakini kilichoingia mwilini si kilekile. Hata ikichanganywa vizuri, insulini hunyonywa kwa kasi tofauti siku hadi siku.

Sehemu ya kuchoma nayo ina lake. Tumboni hunyonywa haraka kuliko kwenye paja. Anayechoma mahali pamoja kila siku kwa sababu pameshakufa ganzi hutengeneza uvimbe laini chini ya ngozi, na insulini inayoingia kwenye uvimbe huo hutoka inapotaka. Mzazi anaweza kumwomba kijana apapase mwenyewe sehemu anazochoma. Akikuta tuta, apape mapumziko mahali hapo na kuwaeleza wa kliniki, kwa sababu akihamia kwenye ngozi nzima dozi ileile inaweza kumshusha ghafla.

Msimu wa mpunga

Bonde la Kilombero ni moja ya maeneo oevu makubwa ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, familia nyingi hazibaki barabarani. Zinahamia mashambani, mbugani, kwenye vibanda vya miti na nyasi, na hukaa huko wiki au miezi hadi mpunga uvunwe. Kijijini wanabaki wazee na wanafunzi. Kwa familia yenye kijana wa insulini, huu ndio wakati mgumu kuliko yote.

Kwanza ni kazi yenyewe. Kulima jaruba, kupanda, kupalilia, kubeba mafungu na kupiga mpunga ni kazi ya misuli ya mwili mzima. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuifanya insulini iwe na nguvu zaidi. Nguvu hiyo haiishi jembe linapowekwa chini. Inaweza kuendelea hadi saa 24, ndiyo maana kijana aliyelima mchana kutwa akiwa salama anaweza kushuka usiku wa manane akiwa usingizini. Asubuhi mama anaona shuka limelowa jasho na kijana anaamka na kichwa kizito. Watu wanasema amechoka, au ameota vibaya. Huenda sukari yake ilishuka.

Wakati mwingine asubuhi hiyo kipimo kinasoma juu. Mwili uliotishwa na njaa ya usiku hutoa homoni zinazoliamuru ini kumwaga sukari ya akiba. Mzazi anaona 14 na kudhani kijana aliiba chakula usiku. Kumbe namba inaweza kuwa juu kwa sababu ilikuwa chini.

Pili ni kuwinga ndege. Mpunga unapoanza kutoa masuke, lazima mtu awepo shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, akipiga kelele na kurusha udongo kuwafukuza ndege. Kazi hii huwaangukia vijana. Anakaa juu ya dungu peke yake, mbali na wenzake. Akianza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na macho kuona ukungu, hakuna wa kumwona. Akishindwa kufikiri sawasawa, hata sukari iliyo mfukoni mwake anaweza asiikumbuke.

Kwa hiyo katika bonde linalotengeneza sukari kwa maelfu ya tani, kijana huyu anahitaji vijiko vitatu vya sukari hiyo vifungwe kwenye karatasi ya nailoni na vikae mfukoni kila siku. Vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, vinatosha kuanza kumwinua aliyeshuka chini ya 4. Anasubiri dakika 15, anapima tena kama ana kipimo, na akiwa bado chini anarudia. Akishapanda, anakula kitu cha kumshikilia: kiazi, ndizi ya kuchemsha, bakuli la uji.

Muhimu zaidi ni kwamba asiende dunguni peke yake bila mtu anayejua hali yake. Jirani wa shamba la pili akijua kwamba kijana huyu akikaa kimya muda mrefu aitwe, na asipoitikia afuatwe, hiyo tayari ni kinga. Wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa maneno ya watu wanajinyima kinga hiyo.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kwa sababu kinaweza kuingia mapafuni. Alazwe ubavu. Asali kidogo au sukari iliyoloweshwa ipakwe ndani ya shavu huku akikimbizwa zahanati iliyo karibu. Kumpeleka kwa mganga kwanza, kwa kudhani ni mapepo au kifafa, ni kupoteza dakika ambazo ubongo wake hauna.

Wali, togwa na saa ya kula

Chakula cha bonde ni wali. Wageni huusifia mchele wa Kilombero kwa harufu yake, na wenyeji huula mchana na usiku, na kambale au perege wa mtoni, maharage au majani ya matembele. Hakuna sababu ya kijana mwenye kisukari kutengewa chungu chake. Chakula bora kwake ndicho chakula bora kwa nyumba nzima.

Tatizo la wali ni kiasi na mwendo wake. Wali mweupe unageuka sukari haraka. Sahani iliyojaa na mchuzi wa maji maji hupandisha namba kwa kasi. Sahani yenye wali nusu, mboga za kutosha na samaki au maharage huipandisha taratibu. Kijana anayekula vikombe viwili vya wali leo na vinne kesho, kwa dozi ileile, atapata majibu mawili tofauti bila kuvunja sheria yoyote aliyopewa. Kutumia bakuli lilelile kupakulia wali kila siku kunasaidia kuliko mahubiri.

Saa nayo ni ya kuangalia. Insulini ya kawaida na ile ya mchanganyiko huchomwa takriban nusu saa kabla ya kula. Shambani, kijana anachoma saa 12 asubuhi akitegemea uji wa saa 12 na nusu. Kuni zimelowa, moto haushiki, uji unaiva saa 2. Hapo ameshashuka. Katika mazingira hayo ni salama zaidi kuona sufuria imeiva ndipo sindano ishikwe.

Kisha kuna togwa. Katika vijiji vya Morogoro hukosi togwa kwenye harusi, kwenye kazi ya pamoja shambani au mgeni akifika. Ni tamu, inashibisha, na inapandisha sukari kama uji mwingine mtamu. Kikombe kidogo kilichohesabiwa kama sehemu ya mlo si dhambi. Kata mbili juu ya mlo kamili ni jambo jingine. Pombe inafanya kinyume. Ini likishughulika na pombe linasahau kutoa sukari ya akiba, na mtu anashuka usiku, saa nyingi baada ya kunywa. Wanaomwona akipepesuka wanasema amelewa, wanamwacha alale. Mzazi asiyependa kusikia habari za pombe bado ana wajibu wa kumweleza kijana wake jambo hili, kwa sababu miaka 19 si miaka 9.

Mfungo ni mazungumzo ya kufanywa mapema. Kwa mwenye aina ya kwanza, kushinda na njaa huku insulini iko mwilini ni hatari kubwa. Azungumze na kliniki na kiongozi wake wa dini kabla ya mwezi kuandama au Kwaresima kuanza.

Joto na chupa

Kisawasawa iko chini, kwenye joto. Miezi ya jua kali, bati la nyumba linachoma tangu saa 4 asubuhi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje mahali pa baridi kiasi kwa takriban wiki nne. Nyumba nyingi za kijijini hazina jokofu, na mbugani hakuna umeme kabisa.

Kuna habari njema kutoka kwa jirani. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti ulioanzia kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walipima joto ndani ya nyumba za kambi hiyo, wakaona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha waliiweka insulini maabara katika joto la namna hiyo kwa wiki nne. Nguvu yake haikupungua kwa kiasi cha kudhuru matibabu.

Hiyo haina maana kwamba chupa inaweza kuachwa popote. Juu ya kenchi chini ya bati, kwenye mfuko wa suruali inayoshinda juani, au kwenye kiti cha bodaboda, joto hupita hapo. Ikigandishwa kwenye barafu nayo imekufa, hata kama imeyeyuka ikaonekana nzima. Njia inayofaa ni mtungi wa udongo: mtungi mkubwa, ndani yake mchanga uliolowanishwa, katikati mtungi mdogo wenye chupa iliyofungwa kwenye mfuko mkavu, juu kitambaa kibichi, vyote vikae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Bibi aliyepooza maji ya kunywa kwa mtungi alitumia kanuni hiyohiyo.

Namba zikipanda kwa siku kadhaa bila sababu ya chakula, kazi wala ugonjwa, swali la kuuliza ni umri wa chupa na mahali inapolala, kabla ya kuongeza dozi.

Homa si malaria kila mara

Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Taasisi ya Afya ya Ifakara imekuwapo tangu miaka ya 1950, ilipoanza kama maabara ndogo ya Waswisi, na mengi yanayofahamika leo kuhusu vyandarua na mbu wa Afrika yametoka katika bonde hili. Mzazi wa Kilombero akiona mtoto amelegea, jambo la kwanza kichwani ni malaria, na mara nyingi yuko sahihi.

Lakini kukojoa sana, kiu isiyokata, kukonda ghafla, kisha kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa haraka na kwa kina, ni dalili za kisukari kilichofika pabaya. Mwili usio na insulini unachoma mafuta, na asidi ziitwazo ketoni zinajaa kwenye damu. Pumzi inaweza kunuka kama tunda lililoiva sana. Mtoto anayekojoa kitandani tena wakati alishaacha, au kijana anayekunywa ndoo ya maji, apimwe sukari siku hiyohiyo. Ni tone moja la damu ya kidole. Kati ya mwaka 1981 na 1987 madaktari wa Muhimbili, akiwamo Donald McLarty, walifuatilia wagonjwa 1,250 wa kisukari Dar es Salaam. Miongoni mwa waliofia hospitalini, ketoni na maambukizi ndivyo vilivyoongoza kuua.

Kwa kijana anayejulikana tayari kuwa na kisukari, malaria ni dhoruba mbili kwa mpigo. Homa hupandisha sukari, kwa hiyo asiache insulini hata kama hali. Kutapika na kukosa chakula huishusha, na malaria kali yenyewe pia huishusha. Siku za homa hazina ratiba: apime mara nyingi kadiri vijiti vya kupimia vinavyoruhusu, anywe maji mengi, na akitapika zaidi ya mara moja au mbili aende hospitali bila kusubiri kuche.

Barabara ya Ifakara

Kwa miaka mingi barabara ya Kidatu hadi Ifakara, takriban kilomita 67, ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika. Basi likinasa, abiria walishuka kusukuma. Ng'ambo ya Ifakara, kabla ya Daraja la Magufuli, waliotoka Ulanga na Malinyi walivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Leo kuna lami na daraja, na anayetoka Kisawasawa anaweza kwenda na kurudi Ifakara siku moja. Kwa mwenye kisukari hayo ni maendeleo yanayohesabika kwa chupa.

Hata hivyo, safari bado inaanzia mbugani, ambako hakuna lami. Mafuriko ya Machi na Aprili yanaweza kukata njia kwa siku kadhaa. Familia inayohamia shambani na chupa moja iliyobaki robo inacheza kamari. Kanuni ya kufuata ni chupa moja inayotumika na nyingine nzima ya akiba, sindano za kutosha, na tarehe ya kwenda kuchukua nyingine ikiwa imeandikwa ukutani kabla mvua haijafunga njia.

Wengi wa bonde hufika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, au vituo vya afya vilivyo karibu. Wanaofikia ujana wana swali la kuuliza huko mapema. Misaada mingi ya insulini na vijiti vya bure imeelekezwa kwa watoto na vijana, na ina ukomo wa umri. Mtu anayepewa bure akiwa na miaka 15 anaweza kujikuta ananunua baadaye, wakati uleule anaomaliza shule na hana kipato. Mzazi aulize leo: msaada huu unaishia umri gani? Baada ya hapo insulini inapatikana wapi, na kwa utaratibu gani wa msamaha wa gharama au bima? Jibu lijulikane mwaka mzima kabla, lisije likagunduliwa dirishani.

Hapo ndipo vijana wengine huanza kunyoosha dawa: uniti kumi badala ya ishirini, mara moja badala ya mbili. Namba zinapanda, nyumbani wanadhani anakula pipi. Anaona aibu kusema hela imekwisha.

Namba ni habari

Mtoto wa miaka minane huchomwa na mama. Kijana wa miaka ishirini anaendesha bodaboda kati ya Mang'ula na Kiberege, amekodi ekari mbili za mpunga, ana mchumba. Hawezi kusimamiwa kama zamani. Wala hawezi kuachiwa peke yake siku moja tu kwa sababu ametimiza miaka 18.

Jambo linaloharibu kati yao mara nyingi ni daftari la sukari. Kila namba kubwa ikipokelewa kwa makofi ya meza, kijana atajifunza kuandika namba ndogo. Wahudumu wa kliniki wanazijua daftari hizo: kurasa zote kalamu moja, namba zote 6 na 7. Kisha daktari anapanga dozi kwa namba za uongo, na hatari inaongezeka.

Namba ipokelewe kama habari ya mvua: imenyesha au haijanyesha, sasa tufanye nini. Badala ya "Umekula nini?" maswali yanaweza kuwa haya:

- Jana ulilima mpaka saa ngapi?
- Ulichoma wapi mara hii?
- Chupa hii ulifungua lini?
- Ulilala vizuri? Uliamka na jasho?
- Kuna homa, kidonda au jino linauma?

Binti aulizwe pia, na mama au dada yake, kama namba hupanda siku chache kabla ya hedhi, kwa sababu homoni za mwezi hufanya hivyo kwa wengi. Na aliye na mchumba aambiwe kwamba mimba ya mwenye kisukari hupangwa na kliniki kabla ya kushika, si baada.

Vijiti ni ghali na havitoshi. Mwenye vichache kwa wiki asivimalize kwa kupima akiwa mzima ili aone namba nzuri. Avitumie penye mashaka: asubuhi kabla ya kula, usiku wa siku ya kazi ngumu kabla ya kulala, anapoumwa, na kabla ya kuwasha pikipiki. Anayeendesha akiwa chini ya 4 anahatarisha maisha yake na ya abiria. Pembeni ya kila namba aandike neno moja: jembe, harusi, homa, chupa mpya. Namba moja haisemi kitu. Siku nne zenye maneno pembeni zinaonyesha njia, na daktari akizisoma anaweza kubadilisha dozi ya siku za shamba iwe tofauti na ya siku za kupumzika. Mabadiliko hayo yafanywe na kliniki na kijana pamoja, si kwa kukisia jikoni.

Hata akifanya yote hayo, zitakuwepo siku ambazo sukari itapanda au kushuka na sababu isijulikane. Kongosho la mashine lingeweza kusaidia, na katika nchi tajiri vijana wengi wana vifaa vinavyopima sukari usiku na mchana. Nao pia hupanda na kushuka. Lengo linalofikika ni kupunguza siku mbaya, na kuwa na watu wanaojua la kufanya zikija.

Mwishoni mwa mwaka, mvua za kwanza zinapoigonga Udzungwa na maji kuanza kuteremka kuelekea majaruba ya Kisawasawa, familia hufunga mizigo ya shambani: jembe, chandarua, sufuria, mbegu. Familia yenye kijana wa insulini ina mzigo mmoja zaidi. Una chupa mbili, sindano, mtungi wa udongo, daftari na kilo ya sukari. Mzigo huo afunge kijana mwenyewe. Mzazi akae karibu, amwulize kama kuna kilichosahaulika, kisha amwache aubebe.